Tulichemsha maji, kumbe

Siku muuguzi alipopiga simu, mama yangu alikuwa jikoni anakanda unga wa maandazi. Nilikata simu, nikakaa kitini, nikamwambia kwa sauti ya chini: "Mama, wamemkuta mtoto na risasi kwenye damu."

Bakuli likamtoka mikononi. "Risasi? Kapigwa wapi? Nani kampiga?" Akamkimbilia mjukuu wake aliyekuwa anatambaa sebuleni, akaanza kumvua nguo amkague mgongo. Usimcheke. Ametoka Tanga miezi mitano tu, na kila jioni taarifa ya habari ya Chicago inamwonyesha mtu aliyepigwa risasi. Ilinichukua muda kumweleza kwamba hii ni risasi ya madini, yale mazito ya kijivu yaliyomo kwenye betri za gari, yale ambayo wavuvi wa kwetu huyeyusha watengeneze chubwi za nyavu.

Akanitazama. "Sasa mtoto wa mwaka mmoja kaila wapi?"

Swali hilo lilitugharimu zaidi ya mwaka mzima na dola elfu kumi na saba kasoro kidogo. Naandika kwa sababu baada ya habari zetu kusambaa nimepigiwa simu na Wakongo, Wakenya na Watanzania wenzangu wengi wenye nyumba za zamani huku, na karibu wote walikuwa wanafanya yaleyale tuliyoyafanya sisi.

Nyumba tuliinunua mwaka 2021. Ni ya matofali, imejengwa 1926, mtaa wa watu wa kawaida kaskazini-magharibi mwa jiji. Kwa watu waliopanga miaka tisa, ilikuwa kasri. Tulimlipa mkaguzi akapanda paa, akafungua tanuri la kupasha nyumba joto, akapiga picha nyaya za umeme. Siku ya kusaini tukapewa rundo la karatasi, na ndani yake mlikuwa na fomu ambayo sheria ya jimbo la Illinois inamtaka muuzaji aijaze. Kuna kipengele kinachouliza kama anafahamu kuwepo kwa tatizo la rangi yenye risasi, mabomba ya maji ya risasi, au risasi kwenye udongo. Muuzaji alitia alama kwenye hapana. Mimi nikaisoma ile hapana kama "hakuna". Yeye alisema hafahamu, basi, na hakuna anayeweza kumshitaki mtu kwa kutofahamu. Ningeshuka besmenti, chumba cha chini ya nyumba, siku ile na ufunguo mkononi, ningepata hata punguzo la bei.

Maana bomba lenyewe halikujificha. Linatokeza sakafuni karibu na ukuta wa mbele, la kijivu iliyofifia, na chini kidogo ya koki kuu lina uvimbe kama kitunguu. Nilikuwa naanika matambara ya kupigia deki juu yake. Kumbe uvimbe ule ndio alama ya mafundi wa zamani, mahali walipounga risasi kwa mkono. Baada ya simu ya muuguzi nilishuka nikalikwangua kwa ufunguo wa gari. Bomba la chuma ni gumu, na sumaku inanasa. Shaba ukiikwangua inaonyesha wekundu wake. Hili lilikwanguka kama mshumaa, na pale nilipokwangua pakang'aa kama sarafu mpya. Nikaweka sumaku ya friji, ikaanguka. Mkwanguo wenyewe usiwe mkubwa, fanya kwa nje tu, na unawe mikono.

Halafu ukisoma historia unashika kichwa. Chicago haikuruhusu tu mabomba ya risasi, iliyalazimisha. Kanuni za ujenzi za jiji zilitaka nyumba ndogo ziunganishwe na bomba kuu la barabarani kwa bomba la risasi, na hali ikabaki hivyo hadi serikali kuu ya Marekani ilipoyapiga marufuku mwaka 1986. Miji mingi ilikuwa imeshaachana nayo zamani. Ndiyo maana jiji hili lina mabomba hayo kama laki nne, kuliko mji mwingine wowote nchini. Risasi inapindika bila kuvunjika, na ardhi ya huku inaganda na kuyeyuka kila mwaka, kwa hiyo fundi wa 1926 aliona anakufanyia hisani.

Sasa nirudi jikoni, maana huko ndiko kosa letu kubwa lilikolala.

Sisi tumelelewa na kipindupindu. Maji yachemshwe, yatokote, yapoe, yachujwe kwa kitambaa cheupe, ndipo mtoto anywe. Nilipojifungua mwaka 2022 nilichemsha. Niliporudi kazini mtoto akawa anakunywa maziwa ya kopo zaidi ya yangu, na mama alipofika kuniangalizia akachemsha kwa bidii iliyonizidi. Alikuwa na utaratibu wake: anaamka alfajiri, anafungua koki ya maji ya moto ili gesi isiteketee bure, anajaza sufuria aliyoileta mwenyewe kutoka Tanga, anaacha itokote mpaka madirisha yote yanatoa jasho, kisha anamimina kwenye chupa ya chai. Siku nzima maziwa ya mtoto yanakorogwa kwa maji hayo.

Hebu tazama. Maji ya alfajiri ni yale yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha yakinyonya risasi. Maji ya moto huyeyusha risasi haraka kuliko ya baridi, na hupita kwenye tangi la kupashia ambako uchafu hutuama. Na kuchemsha kunaua wadudu, lakini risasi si mdudu. Ukianza na lita tatu zikabaki mbili na nusu, iliyopaa ni mvuke tu, risasi yote imebaki kwenye zile mbili na nusu. Tulikuwa tunampikia mtoto mchuzi wa risasi na kuukaza.

Muuguzi alipotueleza haya kwenye simu ya pili nilikuwa nimeweka spika. Mama hajui Kiingereza kingi, lakini alinisoma uso. Nilipomtafsiria alinyamaza, akaenda kuizima gesi. Baadaye, usiku, alisema, "Basi kila nilichomfanyia ni sumu." Sikuwa na la kumjibu. Nilipaswa kumwambia palepale kwamba mimi ndiye niliyeanza kuchemsha kabla yake. Nilimwambia asubuhi, na nadhani ule usiku mmoja ulimuumiza kuliko lilivyonigharimu lile bomba.

Kuhusu vipimo: watoto huku hupimwa damu wakiwa na mwaka mmoja, na tena miaka miwili. Wa kwetu alichomwa kidole, ikasoma 6.8. Kidole kinaweza kudanganya kwa uchafu wa ngozini, kwa hiyo wakarudia kwa kutoa damu kwenye mshipa: 6.1. Hizo ni maikrogramu kwa desilita moja ya damu. Tangu 2021 kituo cha taifa cha udhibiti wa magonjwa, CDC, kinahesabu 3.5 kuwa ndiyo alama ya kushtuka, zamani ilikuwa 5. Niliuliza dawa. Nikaambiwa dawa za kuitoa risasi mwilini ni kali na hufikiriwa damu ikifika 45. Kwa huyu tiba ni moja, mwondoleeni chanzo. Na mlisheni vizuri, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini C, kwa kuwa mwili wenye njaa ya chuma na kalsiamu hunyonya risasi zaidi. Mama akapata kazi ya kujifutia machozi: dagaa wa kusaga kwenye uji wa mboga, mchicha, machungwa.

Lakini chanzo ni kipi? Hapa naomba uwe mvumilivu, maana wengi wakisikia maji wanarukia maji. Muuguzi alianza na rangi. Nyumba za kabla ya 1978 mara nyingi zina rangi ya risasi, na vumbi lake ndilo linalowadhuru watoto wengi zaidi, hasa kwenye madirisha yanayosuguana. Madirisha yetu yalishabadilishwa na aliyetutangulia. Mpimaji alikuta rangi mbaya sehemu moja tu, mlango wa kibaraza cha nyuma, tukaufunga na kuuziba. Kisha akauliza maswali yaliyonifanya nimtazame mama: mtoto anapakwa wanja? Anakula chakula chenye manjano ya kununua mtaani? Mnapikia sufuria gani?

Wanja alipakwa, tena hadi katikati ya paji la uso, kumkinga na macho ya watu. Wanja wa mawe mara nyingi ni jiwe lenye risasi lililosagwa. Manjano hukutwa yametiwa rangi ya risasi ili yang'ae. Na sufuria za kufuliwa kwa alumini chakavu, zile tunazozipenda kwa uzito wake, zinaweza kutoa risasi kwenye chakula kwa sababu ndani ya chakavu hujui kimeyeyushwa nini. Kwa hiyo siku ile tuliondoa vitu vinne kwa mpigo: wanja, manjano, sufuria na maji ya koki yasiyochujwa. Mtu wa sayansi angependa tuondoe kimoja kimoja tujue mchawi ni nani. Mimi nilikuwa mzazi.

Maji tuliyapima bure. Ukiwa Chicago piga 311, namba ya huduma za jiji, uombe kifaa cha kupimia, mpangaji pia anaruhusiwa. Zikaja chupa tatu. Unaacha maji yalale saa sita au zaidi bila mtu kufungua koki wala kuvuta choo, kisha unajaza ya kwanza palepale, nyingine baada ya kuyaacha yatiririke dakika kadhaa, na ya mwisho baada ya dakika tano. Majibu yetu: 4, kisha 21, kisha 12, yaani sehemu za risasi katika kila sehemu bilioni moja za maji.

Ile 4 ingeweza kutumaliza. Kama ningejaza chupa moja tu, ile ya kwanza, ningelala usingizi mnono. Maji ya mwanzo ni yale yaliyolala kwenye mabomba ya shaba ya jikoni. Yaliyolala kwenye bomba la risasi chini ya bustani yanafika baadaye. Wataalamu wa EPA, idara ya mazingira ya Marekani, waliwahi kuchapisha utafiti mwaka 2013 uliofanywa kwenye nyumba za Chicago hiihii, ukaonyesha kwamba chupa ya kwanza huikosa risasi ya bomba la nje, na kwamba kuchimbachimba barabara kunalitikisa bomba na kuongeza risasi ndani ya maji. Jiji hutia fosfeti kwenye maji ili ijenge utando ndani ya mabomba, na utando huo ndio kinga yetu. Ukitikiswa, unabanduka. Mtaa wetu ulichimbwa majira ya kuchipua 2023, mashine zilitetemesha vyombo kabatini wiki tatu. Damu ya mtoto ilipimwa miezi miwili baadaye. Katika mji wa Flint, Michigan, mwaka 2014, utando uliharibiwa kwa njia nyingine: walibadili chanzo cha maji bila kutia kinga ya kutu, na dunia nzima ikasikia.

Na ile alama ya 15 kwa bilioni unayoiona kwenye makaratasi ya maji isikudanganye. Ni kiwango cha kuwalazimisha wasambazaji maji wachukue hatua. Kanuni iliyotolewa Oktoba 2024 inakishusha hadi 10. Lengo la kiafya la EPA lenyewe ni sifuri.

Kosa letu lililofuata lilikuwa chujio. Mume wangu alitoka usiku wa siku ile tulipoondoa vile vitu vinne, akarudi na mtungi wa kuchujia, dola 28, umeandikwa maneno mazuri ya afya. Tuliutumia majuma matatu kwa raha zetu. Rafiki mmoja anayefanya kazi maabara akaugeuza, akasoma chini ya boksi: umethibitishwa kwa kiwango namba 42, yaani klorini na ladha. Kwa risasi unatafuta kiwango cha NSF/ANSI 53 (hayo ni mashirika ya viwango ya Marekani), na neno risasi liwe limeandikwa waziwazi kwenye orodha ya vinavyopunguzwa. Tukanunua cha kufunga kwenye koki, na chujio lake nikaliandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu likichoka halikwambii. Maji ya moto usiyapitishe humo. Na kile kiwavu kidogo kilicho mdomoni mwa koki kifungue ukioshe. Chetu kilikuwa na chembe za kijivu kama mchanga wa pilipili manga.

Miezi mitatu baadaye damu ilisoma 4.0. Miezi sita, 2.7. Nililia kwenye maegesho ya zahanati.

Kubadili bomba ndiko kulikotutoa jasho. Jiji lina mpango wa kubadilisha bure kwa wenye nyumba ambao kipato chao hakizidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo. Sisi tulizidi kwa kidogo, kwa sababu mume wangu, dereva wa malori, alifanya kazi za ziada mwaka ule ili kulipia hayahaya. Mpango mwingine unakusamehe ada za vibali ukijitafutia fundi mwenyewe. Hizo ada ni fedha nyingi, usianze kazi kabla hujaomba msamaha wake.

Tuliita mafundi bomba watatu. Wa kwanza alitaka dola 22,500. Wa pili 16,800. Wa tatu 9,000, kijana mchangamfu, akatuita ndugu zangu, anataka kuanza Jumatatu. Tulikuwa tumeshaandaa hundi. Nilipomwomba anichoree kwa kidole bomba linaanzia wapi na kuishia wapi, akaonyesha kutoka kwenye mita hadi kwenye koki ya jiji pale kando ya njia ya watembea kwa miguu. Na kutoka hapo hadi bomba kuu? "Hiyo ni ya jiji." Kumbe anakata nusu. Kubadili nusu kunaweza kuwa kubaya kuliko kuacha: unalitikisa na kulikata lile lililobaki, linamwaga risasi kwa wiki au miezi. Illinois imekataza kubadilisha nusu tangu Januari 2022. Kwa hiyo ukipewa bei, uliza sentensi moja tu: hii ni kutoka bomba kuu la barabarani mpaka kwenye mita? Iandikwe kwenye kotesheni. Uliza na nani atarudisha saruji na majani, maana kwetu hilo liliongeza mjadala wa mwezi mzima na mpaka leo njia yetu ina kiraka cha rangi tofauti.

Tulimchukua wa 16,800. Akiba ilitoa elfu sita, mkopo ukatoa zilizobaki, na tutaumaliza mwaka 2028. Mchango wa ndugu tuliukataa, sijui kwa nini, nadhani kwa aibu ya kueleza ni wa nini.

Kibali kilikaa wiki saba. Kazi yenyewe, Agosti 2024, siku moja na nusu. Walichimba shimo barabarani, jingine besmenti, wakapitisha bomba la shaba chini kwa chini bila kufumua bustani. Niliomba kipande cha lile la zamani. Fundi alikata kipande cha urefu wa kiganja, akanipa kwa glavu. Ndani kuna ganda la rangi ya kahawa ya maziwa, jembamba kama ganda la yai, na mahali limebanduka. Zito lile! Ukilishika bila kutazama utadhani ni nyundo.

Kisha unatakiwa uondoe viwavu vyote vya koki, ufungue koki zote za maji baridi kwa nguvu zote, ukianza chini kupanda juu, nusu saa nzima. Mama alikuwa amesharudi Tanga, nikampigia video aone. Alitazama dakika mbili.

"Yanakwenda wapi?"

"Yanamwagika tu, Mama. Ndivyo wanavyosema."

"Nusu saa?" Akamwita jirani aje aone. Mwanamke aliyebeba ndoo kichwani tangu ana miaka saba anatazama koki sita zinamwaga maji safi ya ziwa bila mtu kuweka hata sufuria. Akaniambia angalau nioshe kibaraza. Nikaosha kibaraza.

Chujio tuliendelea nalo miezi sita, maana chembe hubaki ndani ya mabomba ya nyumba hata bomba la nje likishabadilishwa. Februari nikapima tena chupa tatu. Zote chini ya 1. Mtoto sasa ana 1.4, anaongea Kiswahili cha bibi yake na hataki uji wa dagaa tena.

Juzi mama kapata viza ya kurudi. Amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne: habari za msiba wa jirani, bei ya nazi, goti lake, na mwisho kabisa, kwa sauti ya mtu anayejifanya amekumbuka tu, akauliza kama ile sufuria yake bado ipo gereji. Ipo. Nimeiweka rafu moja na kipande cha bomba, na bado sijamjibu.